Chumba Alicholala Tabea Namelok

Ndugu wa ukoo wa mzee Lemburis, Wakristo wenzetu wa misheni, majirani wa mjini mliopanda huku kabla umande haujakauka, wenye nyumba pamoja na wapangaji wao, Mungu awalipe kwa kuja. Kwa desturi habari hii ingesomwa na mzee wa ukoo, nami ningekuwa nimeketi pamoja na wafiwa, lakini marehemu alitaka niisome kwa sauti yangu, na sababu yake mtaisikia kabla sijamaliza. Nitasema ninalolijua, na nisilolijua nitasema silijui, kwa maana ndivyo alivyopenda mambo yasemwe.

Marehemu Tabea Namelok alizaliwa upande huu wa magharibi wa Mlima Meru, katika boma la baba yake, mzee Lemburis, karibu na migomba hii tuliyosimama chini yake. Mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa na mtu. Mama yake, Nashilu, huyu aliyeketi mbele yetu, anakumbuka kwamba alikuwa ameshaanza kubeba kibuyu kidogo cha maziwa ulipokuja ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe wa nchi nzima, kwa hiyo nimeandika mwaka 1887, nami nadhani sikukosea sana. Ng'ombe walipokwisha ikafuata njaa, naye akapelekwa kwa shangazi yake Nkoaranga, upande wa pili wa mlima, ambako ndizi zilikuwa bado zinapatikana, na huko ndiko alikojifunza Kimeru, akakisema hata watu wa huko wakasahau kwamba si mtoto wao. Wajerumani walipojenga boma lao Arusha, baba yake alikuwa miongoni mwa waliobebeshwa mawe, na binti, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa siku hizo, ndiye aliyempelekea chakula, akiketi pembeni kuwasikiliza askari na wapagazi wakitukanana na kutaniana kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa na neno lake hata moja, mpaka siku moja akagundua kwamba anacheka pamoja nao.

Alianza shule ya misheni Nkoaranga mwaka 1903, akiwa msichana mkubwa, aibu ya kukaa na watoto wadogo haikumzuia. Mwaka huohuo mimi, Sifael, nililetwa pale kutoka Machame kuwa mwalimu msaidizi, na hivyo ndivyo nilivyomfahamu. Nakumbuka siku niliyowasomea habari ya ndugu wawili waliogombana, nilipofunga kitabu akainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, aliyeyaandika haya alikuwapo?" Nikamjibu kwamba aliambiwa na watu. Akasema, "Basi ameandika ya mwenye sauti kubwa." Darasa zima likacheka, nami nikashindwa kuendelea na somo. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 15 Aprili 1906, akapewa jina la Tabea, ingawa mama yake hakuliita jina hilo hata siku moja, nami nyumbani nililitumia tulipokuwa na wageni tu.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Januari 1907. Mungu alitupa watoto wawili, Elizabeth, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba mwaka huohuo, ambaye yupo hapa mapajani mwa bibi yake, na Solomoni, aliyezaliwa mwaka 1910 na kufa kabla hajaota meno. Solomoni sikumwona. Nilikuwa nimeondoka Septemba 1909 kwenda Berlin, nilikoitwa kuwafundisha Kiswahili watu wa chuo kikuu, nami nikaruhusiwa kuhudhuria masomo yao, na habari ya kuzaliwa kwake na habari ya kifo chake zilinifikia kwa meli moja. Marehemu alimzika peke yake, akashuka mjini na Elizabeth mgongoni, akatafuta njia ya kuishi mpaka niliporudi, mwezi wa Desemba 1911.

Kazi ambayo mjini walimjua kwayo ilianza katika miezi hiyo, tena bila kutafutwa. Alikuwa akiuza maziwa na ndizi, na jua lilipokuwa kali alipumzika barazani kwa Bibi Zamda, mjane aliyetoka Pangani na marehemu mumewe wakati wa misafara, mwenye nyumba ya vyumba kando ya mto Naura. Siku moja mpangaji mpya, Mmeru aliyekuja kufanya kazi ya kuchonga mawe, alikuwa amepanga mafiga katikati ya chumba na kuwasha moto kama afanyavyo kwao, na Bibi Zamda alikuwa amesimama mlangoni amejifunga kibwebwe. Wote wawili walikuwa wakipiga kelele, wala hakuna aliyemwelewa mwenzake. Bibi Zamda akamgeukia muuza maziwa akasema, "Wewe mtoto wa mlimani, mwambie huyu bwana mimi sikumpangisha tanuri!" Mmeru naye, alipotafsiriwa, akajibu, "Mwambie mama huyu nyumba isiyo na moto katikati ni ya mbuzi." Namelok aliyafikisha yote mawili bila kupunguza hata neno, kwa sauti ileile waliyotumia wenyewe, na baraza nzima ikaangua kicheko, na watu wakishacheka pamoja huona haya kuendelea kupigana. Kisha akaingia chumbani, akaketi kwenye ule moshi, akamwita Bibi Zamda aketi naye, akamwita na mpangaji, wakakaa mpaka macho ya wote watatu yalipokuwa mekundu, ndipo wakakubaliana kwamba moto utawashwa uani chini ya kipaa ambacho mwenye nyumba ataweka miti yake na mpangaji ataezeka majani. Tangu siku ile Bibi Zamda alimkabidhi vyumba vyake, atafute wapangaji, awaingize, awatoe, na wakigombana na mwenye nyumba, yeye ndiye aitwe kwanza.

Wenye nyumba wengine wakafuata, na miongoni mwao bwana Msafiri wa Jamaldini, ambaye yupo hapa, na ambaye nyumba yake ya udongo ni miongoni mwa zile za zamani kabisa mjini. Mara ya kwanza alipomwita ilikuwa wakati wa masika, mpangaji wake alisema paa linavuja, naye bwana Msafiri akasema halivuji. Marehemu hakumsikiliza yeyote kati yao. Alingoja mawingu yakusanyike, akaja na kibao chake cha kuketia, akamweka mwenye nyumba pale mpangaji aliposema anaweka kitanda chake, na mvua ikaanza. Tone la kwanza lilipomwangukia begani, bwana Msafiri akafuta, akasema, "Hili ni jasho la nyumba tu, Mama Elizabeth." Marehemu akasema, "Basi nyumba yako ina homa, tuiitie mganga." Bwana Msafiri aliezeka upya wiki hiyohiyo, na mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa hicho sokoni kwa miaka miwili, akisema mwanamke huyu haamui kwa masikio.

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Marehemu alikuwa na njia moja ya kufanya kazi, nayo ilikuwa kukaa ndani ya jambo lenyewe. Akiambiwa chumba kina moshi, alikwenda kupika humo, akiambiwa mlango hauzuii baridi, alikaa humo jioni pamoja na mwenye mlango, na alichokiona ndicho alichokisema, hata kama aliyemlipa ujira ndiye aliyeshindwa. Niliporudi kutoka Ulaya nilimkuta anajulikana kuliko mimi, nami sikuliona vibaya, nilikwenda shule asubuhi nikifundisha yaliyoandikwa, na jioni nilimsikiliza akieleza aliyoyaona. Sijui mtu hata mmoja aliyekataa uamuzi wake. Nayaeleza haya kwa kirefu ili muelewe kwa nini watu walitii, na kwa nini kutii huko kukawa msiba.

Mwezi wa Aprili mwaka huu alimwingiza katika chumba cha mwisho cha nyumba ya bwana Msafiri kijana anayeitwa Parsimei, wa huku kwetu, aliyepata kazi ya kuendesha magari ya maksai, pamoja na mkewe Naipanoi, aliyekuwa na mimba yao ya kwanza. Kwa kuwa Parsimei hakuwa na fedha ya kuweka dhamana, alimpeleka mtamba wake zizini kwa bwana Msafiri, wakaafikiana kwamba wakikaa mpaka mavuno mtamba atarudi na atakuwa wa maziwa ya mtoto, wakiondoka kabla, atabaki kwa mwenye nyumba. Marehemu ndiye aliyesimamia makubaliano hayo, wala hayakuwa na dhuluma ndani yake.

Mwezi wa Mei Naipanoi akashikwa na homa kali, akapona, watu wakafurahi, ikamrudia. Parsimei aliambiwa na wapagazi kwamba ni papasi, wale kupe wa sakafuni wanaotoka kwenye nyufa usiku, akaja kwa marehemu akasema chumba kile kinakula watu, anataka kumtoa mkewe, na anataka mtamba wake. Bwana Msafiri hakukana kuwa na papasi. Alisema mbele yangu, "Papasi wapo kila nyumba ya udongo, kama panya walivyopo. Mimi nalala na hao papasi tangu boma halijaezekwa, wake zangu wanalala, watoto wangu wamezaliwa humo humo, nani amekufa? Huyu binti alikwenda kukata majani bondeni Engutoto, homa ameitoa huko, leo anaisingizia nyumba yangu." Wala hakusema uongo. Kila alichokisema kuhusu nyumba yake na watoto wake kilikuwa kweli, na mjini hapakuwa na mtu aliyeweza kumpinga, kwa sababu kila aliyewahi kukaa katika nyumba za zamani alijua kwamba wenyeji wake ni wazima.

Marehemu akafanya kama alivyofanya siku zote. Alimleta Naipanoi kulala kwetu na Elizabeth, Parsimei akalala kazini kwake, naye marehemu akachukua mkeka wake, akaenda kulala katika chumba kile usiku baada ya usiku, na kila asubuhi majirani walimwona akitoka mzima, akifagia mlango, akiwaamkia wazee. Aliumwa na wadudu kifundoni, akanionyesha alama, tukasema ni viroboto. Jumamosi, tarehe 31 Mei, aliwaketisha wote barazani kwa bwana Msafiri, akaamua kwamba chumba hakina ubaya, homa imetoka bondeni, mwenye nyumba akandike sakafu upya, na wapangaji wakae mpaka mavuno, mtamba wao arudi kama walivyoafikiana. Parsimei akamwita mama kwa lugha ya kwao, akasema, "Yeyo, ukishasema wewe, nimesikia." Naipanoi, ambaye homa ilikuwa imempa nafasi siku hizo na uso wake ulikuwa umeanza kurudi, alimtania akasema, "Labda papasi wanaogopa waliobatizwa. Mimi wameniona bado niko mbichi." Tulicheka sote, na mimi nilicheka. Alasiri ile wakarudi kulala katika chumba kile.

Siku ya Ijumaa iliyofuata, tarehe 6 Juni, marehemu alianza kutetemeka akiwa sokoni, akaletwa nyumbani akishikwa mikono, na kichwa kilimuuma kiasi cha kutoweza kufumbua macho. Jumatatu nilimpeleka kwa daktari bomani. Daktari alitia tone la damu yake juu ya kioo, akatazama kwa hadubini, kisha akaniachia nafasi nami nitazame, nikaona vitu vyembamba vilivyojisokota kama nywele, vinajongea. Aliuliza mgonjwa amelala wapi, nikamweleza, naye akasema ni homa ya papasi, akafafanua kwamba anayeishi katika nyumba kama ile huugua zamani, mara nyingi utotoni, na akipona mwili wake huzoea, ndiyo sababu mwenyeji huonekana mzima, lakini mgeni anayetoka penye baridi mlimani hana kinga yoyote, na mwenye mimba yuko katika hatari kuliko wote. Akasema pia kwamba ugonjwa ukishaingia hukaa kimya mwilini siku kadhaa kabla haujajionyesha, kwa hiyo kuamka mzima asubuhi hakumwambii mtu jambo lolote.

Nilimtafsiria marehemu neno kwa neno. Akasema, "Kwa hiyo nilipokuwa nakata shauri pale barazani, tayari nilikuwa nao ndani." Baadaye kidogo akasema, "Na Naipanoi yuko mle." Tulipofika nyumbani nilimtuma mtu, akarudi na habari kwamba Naipanoi homa imemrudia tangu Jumapili na hasimami, na kwamba Parsimei hatatoka mle, asije akapoteza mtamba, mpaka asikie neno la marehemu mwenyewe.

Homa ya marehemu ilishuka tarehe 12 Juni, kama inavyofanya kabla ya kurudi, naye hakukubali kupumzika hata siku hiyo moja. Mimi na Bibi Zamda tulimshika huku na huku, tukamfikisha kwenye baraza ileile, akaitisha watu walewale, akasema kwamba uamuzi wake wa kwanza ulikuwa na kosa, chumba kina ugonjwa, wapangaji watoke saa ileile, na mtamba ni wao. Bwana Msafiri alisema, tena kwa upole, "Mama Elizabeth, ulilala humu mwenyewe, watu walikuona ukiamka." Akamjibu, "Waliniona nikiamka. Leo na wanione nisivyoweza kusimama." Bwana Msafiri akafungua zizi, akasema, "Mchukueni mtamba wenu, mimi si mnyang'anyi, lakini nyumba yangu msiitie ubaya." Parsimei alimbeba mkewe mgongoni mpaka kwa mama yake, huko Lemara. Mimba ilitoka Ijumaa, na Naipanoi akafa Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Marehemu alitaka kwenda kutoa pole, nikamkataza, akaenda. Alikuta watu wameketi uani, na Parsimei akaja kumpokea kwa heshima, akainamisha kichwa aguswe utosini kama mtoto kwa mama yake, kisha akasema, "Yeyo, neno lako la kwanza ndilo lililotulaza mle. La pili lilichelewa njiani." Hakulisema kwa hasira. Kama angekuwa na hasira, marehemu angejua la kufanya, maana kazi yake yote ilikuwa na watu wenye hasira. Tuliporudi nyumbani hakula, na homa ilipomrudia mara ya pili, sikuona tena ndani yake yule mtu aliyekuwa akishindana na mambo. Nilimwambia kwamba alihukumu kwa alichokiona, akaniambia, "Mwalimu, nilikuwapo, na bado sikuona." 

Tarehe 23 Juni Bibi Zamda alikuja kumjulia hali, na bila kujua uzito wa jambo lenyewe akasema kile chumba cha mwisho kimepata watu, seremala aitwaye Elinaza, kutoka milima ya Upare, pamoja na mkewe na mtoto anayenyonya. Marehemu alinitazama tu, nami nikavaa kofia nikaenda. Nilimkuta Elinaza akipigilia rafu ukutani. Nilimweleza habari ya papasi, habari ya daktari, habari ya Naipanoi, naye alinisikiliza kwa adabu, akiwa na misumari mdomoni, kisha akaitoa akasema, "Mwalimu, nimeambiwa Mama Elizabeth mwenyewe amelala humu na akakipitisha chumba hiki. Kama yeye amelala, mimi ni nani nisilale?" Nikamwambia kwamba Mama Elizabeth ndiye aliyenituma, na kwamba anaumwa kwa sababu ya kulala mle. Akasema, "Mungu amponye, homa ni nyingi mwaka huu. Mbona mwenye nyumba mzima?" Nilikwenda kwa bwana Msafiri, naye akaniambia, "Sikumdanganya. Nilimwambia mkeo alilala humu, naye alilala. Nilimwambia nami nalala humu, nami nalala. Wewe nionyeshe neno moja la uongo." 

Nilirudi. Marehemu aliuliza, "Wametoka?" Nikamwambia bado. Akauliza, "Uliwaambia ni mimi niliyekutuma?" Nikamwambia nimewaambia, nao wanasema wewe ulilala mle. Aligeukia ukutani. Jina alilolijenga kwa kuketi kwenye moshi na chini ya matone ya watu wengine, sasa lilikuwa linatumika kuwaingiza watu mlangoni mwa chumba kile, na lilikuwa na nguvu kuliko mtu mwenyewe aliyelala kitandani na kulikana. Aliomba abebwe kwa machela mpaka kwa Elinaza, lakini siku hiyo damu ilimtoka puani na daktari alikataza asiinuliwe. Ndipo aliponiambia, "Siku ya kunizika watakuja. Mwenye nyumba atakuja, na mpangaji atakuja, maana hakuna aliyepanga chumba mjini atakayebaki nyumbani. Iseme habari hiyo pale. Usimpe mtu mwingine kuisoma, ataona haya, ataruka."

Marehemu Tabea Namelok alifariki siku ya Jumatano, tarehe 2 Julai 1913, asubuhi, jua likiwa limekwisha kutoka, homa ilipomrudia kwa mara ya tatu na moyo wake kushindwa. Mama yake alikuwapo, nami nilikuwapo. Ameacha mume, mtoto mmoja, na mama mzazi.

Kwa niaba yake, na kwa maneno aliyoniagiza, natangaza mbele ya kaburi hili na mbele yenu nyote kwamba Tabea Namelok ameutengua uamuzi wake wa tarehe 31 Mei, kwamba kulala kwake katika chumba cha mwisho cha nyumba ya bwana Msafiri si ushahidi wa uzima wa chumba hicho, na kwamba ushahidi wa chumba hicho ni Naipanoi, na mimba aliyoibeba, na huyu tunayemfukia leo. Bwana Msafiri, umekuja mapema, umesaidia kuchimba, na jana ulituletea mchele, nami nakushukuru mbele ya watu, sina kinyongo nawe. Nakuomba usilitaje tena jina lake pale mlangoni.

Namshukuru daktari wa bomani, ambaye alikuja nyumbani hata bila kuitwa na hakutuficha hali ya mgonjwa, na wasaidizi wake waliomgeuza na kumwosha kama dada yao. Namshukuru Bibi Zamda, ambaye ingawa ni Mwislamu amekaa nasi katika sala zetu zote bila kuondoka, na ambaye tangu juzi haachi kusema kwamba yeye ndiye aliyemwingiza Namelok katika kazi hii, nami namwomba aache. Nawashukuru walimu wenzangu walioshika darasa langu, wazee wa misheni, vijana waliobeba jeneza kupanda kilima hiki kwenye utelezi, na majirani wa kando ya mto Naura. Nakushukuru wewe Parsimei kwa kuja. Sikutazamia, na sina la kukuambia ambalo halijachelewa.

Elizabeth atabaki huku juu kwa bibi yake, ndivyo ukoo ulivyoamua, nami nimekubali. Nitashuka peke yangu. Nyumba yetu mjini imejengwa kwa mawe, sakafu yake ni ya mawe, na daktari ameitazama, hakuona papasi. Ndugu Elinaza, nakuona umesimama pale nyuma na mkeo, na naona amemfunika mtoto blanketi mbili katika jua hili. Sitakuuliza sababu mbele ya watu. Kitanda kipo, vyombo vipo, nafasi ipo, na yule ambaye ungemlipa ujira wa kukutafutia chumba hayupo tena, kwa hiyo hudaiwi kitu na yeyote. Nitaondoka kaburini kabla ya wengine, niende kufungua mlango.

Namelok, uliloniagiza nimelisoma lote, sikuruka neno. Pumzika sasa, mke wangu, na amani ambayo sisi tuliobaki hatujaiona, Mungu akupe wewe.